Korosho ibanguliwe huku huku, ila tuanze na mzigo kabla ya majengo

Kila mwaka ikifika mwezi wa kumi, magrupu yote ya WhatsApp ya watu wa kusini mwa Tanzania yanaongea kitu kimoja tu, bei ya mnada wa korosho. Vyama vikuu vya ushirika vya wakulima ndo vinavyotajwa, TANECU leo wamegonga ngapi, MAMCU ngapi, huko RUNALI wakulima wamekubali au wamekataa, na mimi nashangilia kama wengine wote kwa sababu nyumbani kwetu ada za shule, mabati, harusi, sherehe za kuwatoa watoto jandoni, vyote vinasubiri hela ya korosho. Msimu wa 2024/25 bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo na nchi ikavuna zaidi ya tani 500,000, ilikuwa haijawahi kutokea tangu mikorosho ipandwe. Nasema hivi mapema ili mtu asidhani naandika kulalamikia bei.

Kinachoniuma ni kinachofuata baada ya mnada. Magunia yanatoka ghalani, yanapakiwa kwenye malori, yanashuka bandarini Mtwara, yanaingia melini na kwenda India na Vietnam yakiwa na maganda yake. Sehemu kubwa sana ya korosho yetu inaondoka hivyo hivyo ghafi. Wanaobangua ni wengine, wanaochambua madaraja ni wengine, wanaouza Ulaya na Marekani ni wengine, na sisi tunabaki kuhesabu bei ya kilo ya kitu ambacho robo tatu yake ni ganda.

Na hilo la robo tatu sijalitia chumvi. Ukichukua kilo 4 za korosho ghafi nzuri ukazibangua, ukakausha, ukamenya, utapata takribani kilo 1 ya korosho karanga, ile nyeupe ya kuliwa. Maana yake kwenye kila tani 4 tunazosafirisha kuvuka Bahari ya Hindi, karibu tani 3 ni maganda, na nauli imelipwa yote, na nauli hiyo mnunuzi haitoi mfukoni kwake, anaipigia hesabu kabla hajaandika bei yake ya mnada. Halafu ganda lenyewe halitupwi huko linakoenda. Linakamuliwa mafuta yanayotumika kwenye breki za magari, rangi na vanishi, na makapi yake yanachomwa kwenye boila kutoa mvuke wa kuchemshia korosho zinazofuata, kwa hiyo kiwanda kinajiendesha kwa kuni ambazo zimetoka Tandahimba. Mimi hiyo ndo hesabu ninayotaka watu waione kabla hatujafika kwenye siasa.

Kwa wasioijua hii kazi ngoja nieleze kidogo. Mama yangu mdogo yuko Newala, amebangua korosho kwa mikono miaka mingi sana, yeye na wenzake wa kikundi. Wao hawana boila, wana pipa lililopasuliwa katikati na kutobolewa matundu, linawekwa juu ya moto, korosho zinamiminwa humo na zinageuzwa bila kupumzika kwa mti mrefu. Yale mafuta ya ganda yakipata moto yanaanza kutoka na kuwaka yenyewe, moshi mweusi mzito unaowasha macho na koo, na lazima ujue sekunde ya kuzimwaga chini, ukichelewa karanga imeungua ndani na ukiwahi ganda halipasuki vizuri. Zinamwagwa kwenye mchanga ili unyonye mafuta, zikipoa ndo wanakaa chini na kupasua moja moja, anaigonga kwenye mshono pale kwenye mgongo wake, siyo popote, pigo moja la kipimo, ganda linaachia na karanga inatoka nzima. Vidole wanapaka majivu kwa sababu yale mafuta yakigusa ngozi inababuka, ukimshika mkono mama mdogo utajua kazi yake kabla hajakuambia.

Neno la kushika hapo ni nzima, maana huko ndiko pesa iliko. Korosho nyeupe nzima zinapangwa kwa namba, W180, W240, W320, na namba hiyo inakuambia zinaingia korosho ngapi kwenye ratili (pauni) moja, kwa hiyo namba ndogo ndo korosho kubwa na ndo bei kubwa. Ikipasuka vipande viwili bei inashuka, ikiwa vipande vidogo ndo inaenda kusagwa kwenye biskuti na chokoleti. Mama mdogo hajawahi kusoma hayo madaraja popote, ila anajua kabisa iliyovunjika inaenda kwenye beseni lingine, na akivunja nyingi siku hiyo anakasirika hata chakula hali vizuri. Huo ujuzi upo kusini nzima, Newala, Tandahimba, Masasi, Nachingwea, Ruangwa, Lindi vijijini. Hatuna haja ya kumleta mtu kutoka nje aje atufundishe korosho inavunjwaje.

Sasa watu wengi wakisikia hivi wanasema basi serikali ijenge viwanda. Jamani, viwanda vilishajengwa. Vijana wengi hawajui hii historia na inabidi isemwe. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilifikisha kama tani 145,000, tulikuwa wakubwa duniani, na kwa mikopo ikiwemo ya Benki ya Dunia vikajengwa viwanda mpaka vikafika 12. Tanita viwili Dar, Kibaha, Lindi, Mtama, Nachingwea, Masasi, Mtwara, Likombe, Newala viwili na Tunduru. Mashine zilitoka Italia na Japani, na vyote kwa pamoja viliweza kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Angalia hayo majina, ukiacha vya Dar na Kibaha vingine vyote viko kwenye mikorosho yenyewe, wazo lilikuwa sahihi kabisa miaka 50 iliyopita.

Kilichotokea ni kwamba viwanda vinamalizika kujengwa na korosho zinapotea. Watu walihamishwa kwenda vijiji vya ujamaa, mikorosho ikabaki kule mbali kwenye mahame, nani atatembea masaa kwenda kupalilia. Bei anayolipwa mkulima ikawa ya kukatisha tamaa. Halafu ukaingia ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe unaokausha maua kabla hayajashika tunda. Ikafika msimu wa 1986/87 nchi nzima inapata kama tani 16,500 tu. Yaani viwanda 12 vinavyotaka tani 100,000 na zaidi, shambani kuna 16,500. Mashine zenyewe zilikuwa zinavunja sana karanga na vipuri vinatoka nje kwa fedha za kigeni ambazo hazikuwepo. Vikafungwa kimoja kimoja. Baadaye vikabinafsishwa, na baadhi ya majengo yakageuzwa maghala ya kutunzia korosho ghafi zinazosubiri meli. Ukipita pale na mzee aliyewahi kufanya kazi humo akakuonyesha mstari wa kubangulia ulikuwa wapi na wapi walikaa kina mama wa kuchambua, utaumia kama ninavyoumia mimi.

Mashamba yalirudi, na hapo lazima nitoe heshima kwa watu wa Naliendele, kile kituo cha utafiti pale Mtwara, wao ndo walikaa na ubwiriunga mpaka ikajulikana salfa inapulizwa lini na kiasi gani, na wakatoa miche bora inayozaa mapema. Korosho zikapanda, 2017/18 tukavuka tani 300,000, na 2024/25 tukavuka 500,000. Kwa hiyo lile tatizo la zamani la kiwanda kipo korosho hakuna, limekwisha. Leo korosho zipo mpaka zinamwagika. Kwanini basi hazibanguliwi?

Jibu langu mimi, na nimelifikiria sana, ni kwamba mwenye hela taslimu mkononi mwezi wa kumi ndo anaamua korosho inabanguliwa wapi. Mengine yote yanafuata.

Angalia msimu unavyokwenda. Mkulima anapeleka korosho AMCOS, yaani chama cha ushirika cha msingi, inapimwa, inaenda ghala kuu, anapata stakabadhi, mzigo unapigwa mnada, siku hizi kwa mfumo wa TMX, lile soko la bidhaa la kidijitali, mnunuzi analipa, mkulima anapata hela yake benki baada ya makato. Minada inaanza Oktoba na ikifika Januari mambo mengi yameshaisha. Sasa wewe una kiwanda kidogo Masasi unataka kubangua miezi 12, inabidi ununue mzigo wa mwaka mzima ndani ya hiyo miezi mitatu. Ununue na ulipe ndani ya siku chache. Hela hiyo unaitoa wapi? Unaenda benki, riba za huku zimekuwa zikicheza kwenye asilimia 15 na zaidi, wanataka hati ya nyumba, na hata wakikupa unakaa na mzigo ghalani unalipia riba mwezi mpaka mwezi wakati unabangua kidogo kidogo.

Mwenzako wa Vietnam au India yeye hana hilo tatizo. Hahitaji kununua mzigo wa mwaka kwetu. Korosho za Afrika Magharibi, Ivory Coast, Benin, Ghana, Guinea-Bissau, zinavunwa kuanzia Februari mpaka Juni huko. Za kwetu zinavunwa Oktoba mpaka Januari. Kwa hiyo yeye ananunua kwetu wakati Afrika Magharibi hakuna, akimaliza anahamia kule, kiwanda chake cha Binh Phuoc au Kollam hakisimami na hela yake inazunguka mara kadhaa kwa mwaka, tena kakopa kwa riba nafuu kuliko yetu. Ndo maana anaweza kupandisha bei mnadani pale Newala mpaka kiwanda cha Newala chenyewe kikashindwa kununua korosho iliyokomaa kilomita mbili kutoka getini.

Na bei hiyo ikipanda mkulima anafurahi, ana haki ya kufurahi. Hapa ndipo watu wengi wanaoongelea viwanda wanapoteleza, wanataka mkulima auze kwa bei ya chini ili kiwanda kipate nafuu. Mimi sikubaliani nalo hata kidogo. Wajomba zangu wameumizwa na kangomba miaka yote, ule ununuzi wa korosho kabla ya mavuno, mtu anakuja Agosti mtoto anaumwa ndani ya nyumba anakupimia korosho kwa bakuli ukiwa bado hujavuna, huwezi kumwambia mtu huyo huyo aliyetoka kwenye kangomba kwamba sasa auze rahisi kwa ajili ya maendeleo ya viwanda. Ukiangalia vizuri tatizo la mkulima wa kangomba na la kiwanda kidogo ni lile lile moja, wote wawili hawana hela ya kuvukia msimu.

Njia ya amri nayo tumeiona. Novemba 2018 wanunuzi walikuja na bei ndogo, Rais Magufuli akasema serikali inanunua yote kwa 3,300, malori ya jeshi yakaja kusomba, na ikasemwa korosho zitabanguliwa hapa hapa nchini. Nakumbuka matumaini ya watu, na wengi wetu tulitaka sana iwe hivyo. Lakini uwezo wa kubangua mzigo wote ule haukuwepo, maghala yakajaa, na sehemu kubwa mwishowe iliuzwa ghafi. Kilichokosekana ni zile mashine, mitaji ya uendeshaji na wanunuzi wa korosho karanga, na vitu hivyo vitatu havijengeki kati ya Novemba na Januari.

Majirani zetu Kenya nao wana somo. Kilifi kulikuwa na kiwanda kikubwa cha korosho kilichobeba mji ule, kikafa miaka ya 90, na 2009 serikali yao ikapiga marufuku kuuza nje korosho na makadamia ghafi. Kwa makadamia ilisaidia, ila kwa korosho za Pwani mikorosho ilishazeeka na wakulima walishakata tamaa, marufuku haiwezi kupanda mti. Msumbiji wao walipitia kinyume chake, miaka ya 90 walishinikizwa na Benki ya Dunia kupunguza ushuru wa kusafirisha ghafi, viwanda vyao vikafungwa na maelfu ya wafanyakazi wakaenda nyumbani, baadaye ndo wakarudisha ushuru na viwanda vidogo vikaanza kuota tena upande wa Nampula.

Ila walionipa moyo zaidi ni Ivory Coast. Wao ndo wakulima wakubwa wa korosho duniani na walikuwa wanauza ghafi karibu yote. Wakaanza kuwalipa wabanguaji ruzuku kwa kila kilo ya korosho karanga wanayosafirisha, siyo kwa jengo walilojenga, kwa kilo iliyotoka. Wakaweka utaratibu wa viwanda vya ndani kupata mzigo kwanza. Wakaondoa kodi kwenye mashine. 2024 walibangua zaidi ya tani 300,000, theluthi hivi ya mavuno yao. Theluthi! Sisi tukibangua theluthi ya yetu ni kama tani 170,000, viwanda vyote 12 vya zamani visingetosha.

Kwa hiyo maeneo ya viwanda kama lile linaloandaliwa Maranje, mkoani Mtwara, ni sawa, sina tatizo nalo, na nimefurahi sana kuona TANECU wamejenga kiwanda chao wenyewe Newala, chama cha wakulima chenye korosho zake. Hicho nakiangalia kwa karibu kuliko kingine chochote kwa sababu pale mkulima na kiwanda ni mtu mmoja, korosho ikipanda bei mnadani au karanga ikipanda bei sokoni hela inarudi kwa mwanachama yule yule. Lakini hata wao wasipopata namna ya kubeba mzigo wa miezi 12 watabangua miezi minne na kina mama watarudishwa nyumbani.

Na hela ya kufanya hivyo si kwamba haipo. Kuna ushuru wa kusafirisha korosho ghafi, asilimia 15 ya bei ya bandarini au dola 160 kwa tani, inayochukuliwa ni ile iliyo kubwa. Ule ushuru uliwekwa kulisukuma zao hili mbele na kuwapa wabanguaji wa ndani nafasi, na watu wanakumbuka 2018 wabunge wa kusini walivyosimama bungeni kuupigania ulipohamishiwa mfuko mkuu wa serikali. Salfa ya ruzuku ni muhimu, siigusi. Lakini kipande fulani cha ushuru huo kikiwekwa kulipia tofauti ya riba kwa mtu anayebangua huku, kwa kilo zilizotoka kiwandani na kupimwa, utaona viwanda vinaamka bila hotuba.

Wale kina mama wa pipa nao wasisahaulike kwenye hili. Nimeona mipango mingi inayoruka kutoka kwa mama anayegonga kwa kijiti mpaka kwenye kiwanda cha mabilioni, katikati hakuna kitu. Katikati kunatakiwa kuwe na mtungi wa mvuke wa kikundi ili moshi ule wa sumu uishe, zile mashine za kubangulia za mkono na mguu ambazo SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, na mafundi wetu wanaweza kuzitengeneza, ovena, na mtu mmoja wa kukusanya karanga za vikundi kumi, kuzimenya na kuzichambua kwa pamoja mahali safi palipokaguliwa na TBS, shirika la viwango. Hivyo kikundi kinauza W240 kwa jina la W240, badala ya kuuza kwenye vifuko vya nailoni stendi ya Mtwara kwa bei ambayo abiria anapanga.

Mabibo sijayagusa na yangehitaji posti yake. Tunda la korosho lina uzito mara kadhaa kuliko korosho yenyewe, lina vitamini C kuliko chungwa, na linaharibika ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo lenyewe haliwezekani kabisa kusindikwa mbali na mti. Sasa hivi machache yanaishia kwenye uraka na gongo, mengine yote yanaozea chini ya mikorosho. Kama kuna kitu kinachodai kiwanda kiwe kijijini ni hilo bibo.

Nirudi kwenye mzigo nimalizie. Sheria ya stakabadhi za ghala ipo tangu 2005, na kusini tunautumia mfumo tangu 2007. Wengi tunauona kama njia ya kuuzia tu, lakini kazi nyingine ya ile karatasi tangu mwanzo ilikuwa ni kukopea. Korosho iliyo ghalani, imepimwa, daraja linajulikana, ina bima, ni dhamana nzuri kuliko nyumba ya mtu. Benki inaweza kumlipa mkulima siku ile ile ya mnada kwa bei ya mnada, mzigo ukabaki ghalani kwa jina la benki, na kiwanda kikawa kinachukua tani chache kila wiki kadri kinavyolipa. Mkulima hajapoteza hata senti, benki haijatoa hela hewani, kiwanda hakijanunua mwaka mzima kwa mkupuo. Maghala yapo, AMCOS zipo, mizani ipo, mfumo wa kidijitali upo. Kinachotakiwa ni Bodi ya Korosho, vyama vikuu na benki moja au mbili kukaa kabla ya Agosti wakatenga hata tani 20,000 za msimu ujao zianze kwa utaratibu huo, Newala na Masasi peke yake, tuone.